Miwani ya jua ya UV400: kinga kweli, ila inateleza

Miwani hii naipenda sana. Fremu yake imepinda hadi karibu na masikio, kwa hiyo jua haliniingii kwa pembeni, na alama ya UV400 inamaanisha lenzi zinazuia miale ya urujuanimno (UV), ile ya jua isiyoonekana, yenye urefu wa wimbi hadi nanomita 400. Hilo ndilo la kuangalia dukani, si weusi wa kioo! Kioo cheusi kisicho na kinga huifanya mboni itanuke, miale ikapenya zaidi. Kasoro iko puani: nikishapaka losheni ya kukinga ngozi na jua, yenye kiwango cha kinga cha SPF 30, ambayo hurudiwa kila baada ya saa mbili, miwani inateleza, hasa nikitoka jasho. Wangeweka vishikizo vya mpira. Hata hivyo, anayeshinda juani aichukue.