Nimetumia huduma ya "mzazi mwenza" mwaka na nusu: nyota 4, na hiyo moja nimeikata makusudi

Kwanza niseme ukweli, sikuitaka. Siku tunaruhusiwa wodini nesi alinipa kikaratasi chenye namba ya simu akaniambia mama, kuna wazazi wenye watoto wa mpira kama wako, yaani wanaolishwa kwa mrija wa puani au wa tumboni, wanasaidiana, ukipiga watakupangia mtu wa kuongea nae. Nikakitupia kwenye mkoba, moyoni nasema mi sina shida ya stori, nina shida ya usingizi. Kikakaa humo wiki tatu kikachanganyika na vifuniko vya sirinji mpaka siku nilipokaa chini jikoni nalia kwa sababu mpira umeziba na dawa ya saa mbili bado haijaingia, ndo nikakitafuta.

Kwa asiyejua, iko hivi. Mzazi mgeni anaunganishwa na mzazi mzoefu, wanapigiana simu wakati wowote wanaokubaliana, halafu mara moja kwa mwezi wote wanakutana na watoto kama wanaweza kuja nao. Pale panakuwa na meza ya kubadilishana vitu, sirinji ambazo hazijafunguliwa, mifuko ya pampu ya kulishia, maziwa ya kopo ambayo mtoto wa mtu kayakataa. Hakuna malipo. Wanaoendesha ni wazazi wenyewe, kwaiyo usitegemee mapokezi na viyoyozi.

Nianze na lililoniudhi ili niishie nalo mbali. Mtu wa kwanza niliyepangiwa hakunifaa kabisa na sio kosa lake. Walitupanga kwa umri wa watoto, wote walikuwa na miezi kumi, basi. Mwanae alizaliwa njiti, akawekewa mpira wa puani wiki chache mpaka alipojifunza kunyonya, ukatolewa, ikawa imeisha. Wangu ana mtindio wa ubongo na akimeza chochote kinaelekea kwenye mapafu, alishaugua nimonia mara mbili kabla hatujajua kwa nini, na alikuwa anasubiri kuwekewa wa tumboni. Sasa kila nikimpigia yule mama ananiambia usijali, atakula tu, wangu alikula. Alikuwa na roho nzuri jamani, ila kila nikikata simu najisikia vibaya kuliko nilivyopiga. Niliomba kubadilishiwa na ilichukua zaidi ya mwezi. Ukijiunga sema mapema mwanao ana mpira wa aina gani na kwa sababu gani, usisubiri wakuulize, umri wa mtoto hausaidii chochote hapa.

Wa pili sasa. Huyu nitamwita dada maana ndivyo ninavyomwita. Mwanae ana mpira wa tumboni mwaka wa sita. Simu ya kwanza hakuniuliza mtoto anaendeleaje, aliniuliza "mdogo wangu, leo umekula?" nikagundua sijala tangu asubuhi, niko nimeshika sirinji ya mls 60 naangalia maziwa ya mtu mwingine yakishuka. Akasema basi weka simu spika, chukua kitu utafune huku tunaongea.

Vitu alivyonifundisha kwenye simu vile ukivisikia unaona vidogo ila ndo vinavyokula siku nzima. Mfano huo wa kuziba. Nilikuwa nasukuma kwa sirinji ndogo nikidhani ndogo ndo ya upole, kumbe sirinji ikiwa nyembamba presha inakuwa kubwa zaidi na unaweza kuupasua mpira. Kubwa, maji ya uvuguvugu, unasukuma kidogo unavuta kidogo, unaacha dakika chache, unarudia, na sio soda kama nilivyokuwa nimeshaambiwa na watu wawili. Na sababu ya kuziba ilikuwa mimi mwenyewe, nilikuwa nachanganya dawa tatu kwenye sirinji moja ili niwahi. Kila dawa peke yake, maji katikati. Tangu hapo umeziba mara moja tu. Akaniambia pia kabla ya kulisha niunganishe sirinji tupu bila kile kijiti cha kusukumia, niishike juu, hewa itoke. Mara ya kwanza nilifanya hivyo tumbo la mwanangu lilitoa mlio kama chupa inayofunguliwa, akaacha kujinyonganyonga palepale. Miezi yote ile nilikuwa nadhani analia kwa sababu hayataki yale maziwa!

Namba za mpira pia. Zile 12 na 14 zilizoandikwa pembeni nilikuwa nazisoma kama saizi za viatu. Akaniambia kila namba ni theluthi ya milimita, kwaiyo 12 ina unene wa milimita 4. Iandike kwenye karatasi, ibandike kwenye mkoba wa dharura, maana siku ukikimbilia hospitali ambayo sio yako saa nane usiku watakuuliza na utasahau hata jina lako.

Ile siku ikaja kweli, ila ilikuwa saa tano. Naingia kumgeuza nakuta fulana imelowa, harufu ya maziwa chumba kizima, mpira uko kwenye shuka na puto lake, lile la maji linaloushikilia ndani ya tumbo, limepasuka limebaki kama ganda. Shimo la tumboni lipo wazi linanitazama. Nilimpigia dada kabla sijampigia mtu yeyote, hata mume wangu aliyekuwa chumba cha pili.

Alipokea usingizini. Hakusema pole. Aliuliza, "aliwekewa lini?" Nikasema miezi saba. "Nesi alishakufundisha kubadilisha?" Alishanifundisha, mara mbili, kwa mkono wangu. "Damu nyingi?" Hapana. "Basi tunao muda ila sio wa kupoteza, lile shimo linaanza kujifunga ndani ya masaa. Leta wa akiba. Ungekuwa wa wiki tatu nne ningekwambia usiguse, funika na kitambaa safi, hospitali sasa hivi. Wako umeshakomaa." Nikajaza puto maji kwanza kuona halivuji, nikayatoa, nikapaka kile kilainishi cha maji, mikono inatetemeka mpaka nikakiangusha. Yeye kule namsikia anapumua tu. Ukaingia. Mls 5 za maji kwenye puto kama ilivyoandikwa kwenye ule wetu, nikauvuta taratibu ukashika. Nikataka kuweka maziwa maana mtoto alishakosa nusu ya mlo, akaniambia subiri, pima kwanza. Nikavuta majimaji kidogo nikaweka kwenye kikaratasi cha pH, kile cha kupima asidi ya tumboni, ikasoma 4. "Haya endelea, na asubuhi piga kliniki uwaambie umebadilisha." Mume wangu aliingia tukiwa tumemaliza akauliza mnaongea na nani usiku huu.

Hapo ningesema nyota 5 na ningeondoka zangu. Ila nimesema nimekata moja, na sababu ni hii.

Kabla ya wa tumboni, tukiwa bado na wa puani, kwenye mkutano wa mwezi mama mmoja alinifundisha namna ya kujua kama mpira uko sehemu sahihi. Unasukuma hewa kwa sirinji huku umeweka sikio au stetoskopu juu ya tumbo, ukisikia kama upepo basi uko tumboni. Alifundisha kwa kujiamini kabisa na wenzie wawili wakatikisa kichwa. Mi nikafanya hivyo wiki mbili nzima, najiona nesi. Kuja kumwonyesha nesi mwenyewe kliniki, uso ulimbadilika. Ile njia ilishaachwa, kwa sababu sauti ya hewa unaweza kuisikia hata kama mpira umeingia kwenye njia ya hewa, ukamwaga maziwa kwenye mapafu huku unajipongeza. Unavuta majimaji ya tumboni unapima kwenye kikaratasi, 5.5 kushuka chini ndo unalisha, ikiwa juu ya hapo hulishi mpaka ujue kwa nini. Na kama mtoto anakunywa dawa za kupunguza asidi namba inaweza kupanda ingawa mpira uko sawa, kwaiyo hilo nalo uliongee na wataalam wako mapema.

Mwanangu hakudhurika. Lakini nilikaa kwenye benchi nje ya kile chumba nahesabu milo ya siku kumi na nne, mara sita kwa siku. Yule mama hakuwa mwongo, alifundishwa hivyo miaka ya nyuma na hakuna aliyerudi kumwambia imebadilika. Shida yangu ni na huduma yenyewe. Wanachukua wazoefu wanawapa wageni, na hakuna anayekaa kusikiliza wazoefu wanafundisha nini. Niliwaandikia. Walinijibu vizuri, wakasema watamwalika nesi kwenye mikutano, na kweli amekuja, mara mbili katika mwaka na nusu.

Meza ya kubadilishana nayo ina mambo yake. Niliokota pale boksi zima la sirinji nikafurahi kama nimeokota dhahabu, kufika nyumbani haziingii. Zetu ni za ENFit, zile za kuzungusha, zilitengenezwa makusudi zisiungane na laini ya mshipani ili mtu asije akakosea akapeleka maziwa kwenye damu. Zile za meza zilikuwa za mtindo wa zamani. Kwaiyo nenda na kipande chako mkononi ujaribishe. Maziwa angalia tarehe, mara nyingi yamebakiza wiki. Dawa hawaruhusu kubadilishana na hapo nawaunga mkono mia kwa mia.

Wanaume. Mikutanoni wako wachache, wanakaa pembeni wamebeba watoto kama wamebeba mayai. Mume wangu alipangiwa baba mwenzie na mi nilidhani watapiga simu moja basi. Sasa wanaongea kila wiki, nusu saa mpira wa miguu, dakika kumi mpira wa tumboni, na sijui ni kwenye hizo kumi alifundishwa nini ila siku hizi anaamka yeye pampu ikilia. Alishagundua kwamba inalia kwa sababu mtoto akigeukia kushoto anaubana ule mrija chini ya mgongo, akaupitishia ndani ya suruali ya kulalia utokee mguuni. Mimi nilikuwa nazima na kuwasha tu.

Huyo huyo baba mwenzie ni mtu wa kusoma kila kitu. Ndo aliyetuambia kwamba mpira wa tumboni wa kuwekwa kwa kamera bila upasuaji mkubwa wa tumbo ulifanyika mara ya kwanza 1979 kule Cleveland, Marekani, na mgonjwa wa kwanza alikuwa mtoto mchanga, madaktari Gauderer na Ponsky wakaja kuuandika mwaka uliofuata. Unaweza kusema inanihusu nini, lakini mama mkwe alikuwa anatuambia kila siku tumekubali mtoto afanyiwe majaribio ya vitu vya juzi. Tulipomwambia kuna waliokulia na mpira huo na sasa ni watu wazima wenye watoto wao, alinyamaza, halafu akaomba aonyeshwe namna ya kusafisha pembeni mwa shimo. Sasa anasafisha vizuri kunishinda, anakausha kila kona, na yeye ndo aliyeona kile kinyama chekundu kinaanza kuota tukawahi kliniki.

Kuna jambo ambalo hakuna nesi angenisaidia nalo, na ndo lililonifanya nibaki. Ndugu anakuja, anamwangalia mtoto, anasema "ila si mngempa kidogo tu mdomoni azoee". Unajibu mara ya kwanza, ya tano, ya ishirini, mwishoni unaanza kujiuliza labda mimi ndo sijajitahidi. Nilimwambia dada. Akacheka kicheko kibaya, akasema shangazi yake mwenyewe alimpa mwanae kijiko kimoja cha maji kwa huruma, akapaliwa, wakalala wodini siku tisa, na mpaka leo shangazi hajawahi kuambiwa kilichosababisha. "Nilimwacha na huruma yake. Ila jikoni siku hizi namfuata." Sikujua kama mtu anaweza kuwa na hasira na upendo wa mtu yule yule kwa muda mrefu hivyo. Na kuna watoto wanaruhusiwa kuonja, wa kwake sasa hivi ana ruhusa ya kulambishwa kidogo baada ya vipimo vya kumeza, kwaiyo usichukue ya kwangu ukampelekea wako.

Hilo ndo ningependa walibandike mlangoni kwa kweli. Mikutanoni kuna kiushindani fulani, nani katolewa mpira, nani kaongezeka kilo, nani anasaga chakula cha nyumbani badala ya kopo, na mama mgeni anatoka pale anataka kubadilisha kila kitu jioni hiyo hiyo. Kiasi cha maji cha mtoto wa mwenzio, spidi ya pampu yake, sio yako. Dada kila nikimuuliza namba ananijibu "hiyo muulize mtu wa lishe, mi niulize namna ya kumshika."

Mwezi uliopita wamenipigia, wanataka na mimi niwe mzoefu wa mtu. Nikakubali nikiwa nimeshika sirinji, kama kawaida. Nilidhani kutakuwa na mafunzo. Nimeletewa karatasi mbili, moja ya kutia sahihi kwamba sitatoa siri za mtu, nyingine ya maelekezo ya jumla ambayo hata haikutaja kupima pH. Mama niliyepangiwa, wanae ni mapacha, mmoja ana mpira wa puani, na ananipigia kesho saa tatu. Nimechukua kalamu nikaandika kwa juu ya hiyo karatasi, herufi kubwa, ASISIKILIZE HEWA, APIME. Chini yake nikaandika aulizwe kama amekula.