Airavatesvara, Darasuram: hekalu la Shiva, mungu wa Wahindu, la kutazama kwa kuchutama

Wengi wanaofika Tamil Nadu, jimbo la kusini mwa India, hukimbilia hekalu kubwa la Thanjavur, ambalo mnara wake unapita mita 60. Mnara wa Darasuram, kilomita 4 hivi kutoka mji wa Kumbakonam, una mita 24 tu. Lakini kwa uchongaji Darasuram linashinda, na mwenye nafasi ya hekalu moja aende huko. Ni kazi ya karne ya 12, enzi ya mfalme Rajaraja wa Pili wa ukoo wa Chola, na liko katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2004. Hakuna kiingilio.

Kituo cha treni kilicho karibu na kinachofaa ni Kumbakonam. Chukua bajaji, na mpatane mapema nauli ya kwenda, kusubiri na kurudi. Fika asubuhi: viatu huachwa mlangoni, na jua likipanda mawe ya uani huunguza nyayo. Chumba cha ndani hufungwa mchana, kwa kawaida saa sita hadi saa kumi. Kati ya Oktoba na Desemba mvua ni nyingi, na uwanja wa mbele, kwa kuwa uko chini kuliko ardhi inayouzunguka, hutuama maji.

Zunguka hekalu likiwa mkono wako wa kulia. Ukumbi wa mbele umechongwa kama gari la kukokotwa, lenye magurudumu na farasi wa mawe. Ngazi ndogo zinazosifika kwa kutoa sauti za muziki zikigongwa sasa zimezungushiwa wavu wa chuma; usilipe mtu anayeahidi kukugongea. Hazina yenyewe iko chini, kwenye kitako cha ukuta: vibao vidogo vya visa vya watakatifu 63 wa Shiva, kikiwemo cha mtoto aliyemezwa na mamba akatolewa hai. Anayepita amesimama wima havioni. Watafute pia tembo na fahali wanaochangia kichwa kimoja: ziba kiwiliwili cha mmoja kwa kiganja, na mwingine anajitokeza kamili.

Ndani, mbele ya lingamu, jiwe la mviringo linalomwakilisha Shiva, usipige picha. Kuhani akikupa jivu jeupe, lipokee kwa mkono wa kulia ujipake kipajini.

Upungufu ni mmoja: maelezo ukutani ni haba, kwa hiyo soma visa vya watakatifu kabla ya kwenda. Na baadhi ya sanamu bora za hapa zimehamishiwa kwenye jumba la sanaa la ikulu ya Thanjavur, kilomita 40 hivi.