Mafundi wa chokaa waliotutengenezea jengo la zamani, nyota 4 kati ya 5

Nimechelewa kuandika hii rivyu makusudi, nilitaka mvua zipite kwanza tuone ukuta utasemaje. Zimepita, ukuta mkavu.

Jengo letu la ghorofa mbili ni la zamani sana, sasa hivi pembeni kote inapanda minara ya vioo na kila anayepita anatwambia vunjeni tu mjenge upya. Tukatafuta mafundi wanaofanya majengo ya zamani peke yake, na kitu cha kwanza walichofanya ni kutukatalia karibu kila tulichoomba. Mimi nilitaka ukuta wote ubanduliwe upigwe plasta ya saruji uwe laini, wao wakapita na kinyundo kidogo wanagonga gonga, panapolia kama tupu wanachora chaki, wakasema tunabandua hapo tu kwingine pazima. Nikajua tumepata wavivu.

Kumbe tatizo lilikua saruji yenyewe. Fundi wa nyuma aliipiga juu ya ukuta wa mawe na chokaa, na ukuta wa hivyo unapumua, maji yakiingia lazima yapate pa kutokea, saruji inayaziba, yanabaki mle ndani na chumvi yake yanamung'unya ukuta taratibu huku nje wewe unaona rangi inavimba tu basi kila mwaka unanunua rangi. Walivyobandua, mchanga ulimwagika kama gunia limechanika. Wakapiga chokaa tabaka nyembamba nyembamba, kila moja inafunikwa magunia yaliyoloweshwa, maana chokaa haigandi kwa kukauka tu, inavuta hewa ya ukaa mpaka inarudi kua kama jiwe. Ndo maana ilichukua miezi.

Ila walichonimaliza nacho ni vioo. Jirani walipoanza kupiga nguzo za msingi ardhi ikawa inatetemeka, hawa jamaa wakabandika vipande vyembamba vya kioo juu ya kila ufa na tarehe pembeni, kioo kikipasuka ujue ufa unatembea. Viwili vikapasuka, tukawapelekea picha wenye mnara, hawakua na la kubisha.

Madirisha hawakutupa, walikata palipooza wakaunga mbao mpya, na kiungo kinaonekana ukisogea karibu. Niliuliza mbona hamfichi, nikaambiwa hata Mkataba wa Venice wa 1964, ule wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unataka kilichoongezwa kiendane na jengo lakini kitofautike na cha zamani. Sawa bwana.

Nyota moja nimekata kwa sababu ya simu, hawapokei! Na jukwaa lao lilibaki mlangoni wiki kadhaa kazi imeshaisha. Kama una haraka watakuudhi. Ukiwaita piga picha nyufa zote mapema, na rangi ya plastiki usinunue, inaziba ukuta vilevile, sisi walitupakia chokaa.