Mawakala wa vibali Tanga: nani wa kumlipa ajira ya mgeni inapokoma

Tanga ya miaka hii ina wageni wengi wenye mikataba ya muda: mafundi wa bomba la mafuta ghafi linalotoka Uganda kwa kilomita 1,443 na kuishia Chongoleani, wahandisi wa viwanda vya saruji, walimu Wakenya na Waganda kwenye shule binafsi. Kazi ikiisha, wengi wao hufungua pasipoti, huona kibali bado kina miezi minane, na kutulia. Kosa linaanzia hapo. Kibali cha ukaazi cha Daraja B, kile cha mgeni aliyeajiriwa, kimefungwa kwa mwajiri aliyetajwa na kazi iliyotajwa. Kazi ikikoma, tarehe iliyoandikwa kwenye kibali haimlindi tena mwenye nacho.

Kwa hiyo kipimo chetu cha huduma hizi ni kimoja. Wakala anayeijua kazi yake atauliza kwanza siku ya mwisho ya kazi ni lini. Anayeanza kwa kuuliza kibali kinaisha lini, muage.

Tuanze na steshenari za Ngamiani, kwa kuwa ndiko watu wengi hukimbilia. Kwa kuskani vyeti, kupunguza ukubwa wa faili na kujaza fomu za mtandaoni, zinatosha kabisa na bei yake ni nafuu. Tatizo ni akaunti. Kijana wa steshenari, ili amalize haraka, hutumia barua pepe yake mwenyewe kufungua akaunti ya maombi. Ujumbe wa kudai nyaraka pungufu unakwenda kwake, naye alishakusahau. Maombi yanalala wiki nzima bila mtu kujua. Sisitiza barua pepe yako na namba yako ya simu. Kisha soma jina herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti, hasa kama pasipoti ilibadilishwa katikati ya mkataba na namba ya zamani ndiyo iliyo kwenye kibali.

Vishoka, yaani mawakala wasio rasmi, hatuwapi hata alama moja. Bidhaa yao kubwa ni “kuhamisha kibali” kutoka mwajiri mmoja kwenda mwingine, na huduma hiyo haipo. Mwajiri mpya anaomba upya: kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Ni lazima aonyeshe kwa nini nafasi hiyo haikupata Mtanzania, na awe na mpango wa kurithisha ujuzi kwa wazawa. Kibali cha kazi hutolewa kwa miezi 24, na kikihuishwa jumla isizidi miaka 5, isipokuwa kwa wawekezaji. Wakala mzuri atakuhesabia muda uliokwisha kuutumia kabla ya kukupa matumaini.

Bidhaa yao ya pili ni safari ya Horohoro: vuka kwenda Lunga Lunga, geuka, ingia tena kama mtalii. Viza ya kawaida ya dola 50 inakupa hadi siku 90 za kutembea, haikupi ruhusa ya kazi hata ya siku moja. Viza ya biashara ya dola 250 nayo ni ya shughuli fupi isiyozidi siku 90. Na jirani anayesema “sisi ni Jumuiya” ajue kwamba itifaki ya soko la pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 2010, haikufuta vibali vya kazi Tanzania. Mwalimu kutoka Mombasa anahitaji kibali kama mwingine.

Ada yoyote ya serikali hulipwa kwa namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo, ile tunayoiita kontroo namba. Ukiambiwa uitume kwenye namba ya simu ya mtu, ondoka.

Sasa mawakili na wachache wanaofanya kazi hii kwa makini. Hawa ndio wanaostahili fedha, na thamani yao inaonekana kabla ajira haijakoma. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa anayelipwa kwa mwezi notisi isiyopungua siku 28 mkataba unapovunjwa. Mwajiri anaruhusiwa kulipa fedha badala ya notisi, na wageni wengi huzifurahia. Lakini ukizipokea, ajira imekwisha siku hiyohiyo, na msingi wa kukaa kwako umekwenda nayo. Notisi ikiachwa itembee, unabaki mfanyakazi kwa siku 28 nzima: muda wa mwajiri mpya kuwasilisha maombi, wa kuuza gari, wa watoto kumaliza mitihani. Wakala anayekaa na ofisa utumishi wako kujadili jambo hili moja amerudisha gharama yake. Kama hata huo hautoshi, aulize Uhamiaji kuhusu pasi maalumu, ruhusa ya kubaki nchini kwa muda mfupi, kabla muda haujapita.

Pale pale anapaswa kudai stahiki zako. Likizo ambayo hukuichukua inalipwa. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, lakini mkataba ulioisha kwa muda wake hauna kiinua mgongo, na wageni wengi wako hapo. Nauli wengi huisahau. Ajira ikikomea mahali tofauti na ulikoajiriwa, mwajiri anawajibika kukurudisha wewe na mizigo yako, na kukulipa posho ya kujikimu kila siku hadi usafirishwe. Dai pia hati ya utumishi.

Ukiachishwa isivyo halali, shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Madai mengine ndani ya siku 60. Shauri kuwa mezani halikupi haki ya kubaki nchini. Jaza fomu, saini, na uache mwakilishi.

Mkanganyiko mmoja umewaponza hata mawakala wazuri: Daraja B ya kibali cha kazi si Daraja B ya ukaazi. Ile ya kazi ni ya fani maalumu, kama afya, mafuta na gesi, na walimu wa sayansi na hisabati. Wataalamu wengine huingia Daraja C ya kazi, huku ukaazi wao ukibaki Daraja B. Fomu ikichanganya haya mawili, inarudi.

Mke, mume na watoto wanaokaa kwa jina lako wanategemea hadhi yako. Uliza mapema kuhusu mtoto aliye shuleni, maana mwanafunzi ana njia yake ya Daraja C ya ukaazi. Anayewaza kwenda Pemba kufundisha akumbuke kwamba kibali cha kazi cha Zanzibar hutolewa na Zanzibar.

Na wakala akikushauri ufungue saluni au uongoze watalii Pangani wakati unasubiri, huyo anakuingiza shimoni. Amri ya Julai 2025 imewazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo kuongoza watalii, kutengeneza simu, uwakala wa fedha za simu na saluni zisizo za hotelini au za kitalii. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, na kibali na viza kufutwa. Mtanzania anayemkingia kifua mgeni naye ana faini ya milioni 5.

Kama unaondoka tu na huna kazi nyingine, huhitaji wakala. Mwajiri aandike kwa Kamishna wa Kazi na Uhamiaji kwamba ajira imekoma, vibali virejeshwe, nawe utoke nchini kwa wakati. Kilicho chako ni kudai nakala ya barua hizo zikiwa na muhuri wa kupokelewa. Iweke pamoja na hati ya utumishi. Ukirudi kuomba kibali kingine, ndiyo itakayoonyesha kwamba hukukaa siku za ziada kwa kibali kilichokufa.