Sedani ya mkononi inayovuta kwa matairi manne: nianze na ipi, niikimbie ipi, kwa safari za kazini kwenye theluji

Kama una dola 15,000 na shifti yako inaanza saa kumi na mbili asubuhi, Januari, Minneapolis au Buffalo au Ottawa, fungu la kwanza kulitoa si la gari. Ni la matairi. Tenga dola 1,000 hivi kwa matairi manne ya baridi, yakiwezekana yakae kwenye rimu zake, halafu kilichobaki ndicho ukatafutie gari. Nalitanguliza hili kwa sababu wengi wetu tukifika huku Marekani au Kanada tunaambiwa tununue gari la kuvuta matairi yote na tutakuwa salama. Tunanunua, na theluji ya kwanza ikianguka gari linapita taa nyekundu huku mguu umekandamiza breki mpaka chini.

Kuvuta kwa matairi manne kunakusaidia kuondoka: kupanda mlima, kutoka kwenye maegesho yaliyofukiwa na katapila la theluji, kuingia barabara kuu bila mkia kuyumba. Kwenye kusimama, gari hilo halimshindi mwenye Corolla inayovuta kwa matairi mawili. Kinachoshika barafu ni mpira. Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, ule wa tairi la baridi hubaki laini. Angalia ubavuni mwa tairi: unataka mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S (tope na theluji) peke yake hazitoshi. Ukiwa umechuchumaa hapo hapo, fuata maandishi yanayoanza na herufi DOT mpaka tarakimu nne za mwisho. Zikisomeka 3819, tairi lilitengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 2019, na muuzaji anayekuambia "mapya kabisa" ujue anakudanganya. Jimbo la Quebec, Kanada, hawakuachii hiari: kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15 matairi ya baridi ni sheria.

Haya, magari. Naongelea sedani zenye nguvu, si jeep kubwa, kwa mtu anayependa kuendesha na ambaye barabara zake husafishwa. Ukikaa kijijini ambako theluji inalala hadi magotini, sedani ya chini itakwama kwa tumbo hata ikivuta kwa matairi kumi.

Namba moja kwangu ni Lexus IS 350 ya kuvuta matairi manne, toleo la kuanzia 2014. Injini ni ya silinda 6, lita 3.5, nguvu za farasi 306, haina turbo na inatumia cheni badala ya mkanda. Mafuta inayapuliza kwa njia mbili, moja kwa moja ndani ya silinda na pia kwenye njia ya hewa, kwa hiyo valvu zake zinasafishwa na mafuta hayo. Hapo ndipo inapotofautiana na IS 250 za 2006 hadi 2010, zinazopuliza ndani ya silinda tu na ambazo masizi hujaa kwenye valvu mpaka injini inaanza kutetemeka. Ukiikuta IS 250 ya miaka hiyo kwa bei ya kutupa, ndiyo sababu. Bei ya IS 350 ikikushinda, tafuta IS 300 ya kuvuta matairi manne, kuanzia 2016: injini ni ya lita zile zile 3.5, imepunguzwa tu nguvu. Kasoro ya haya yote ni kiti cha nyuma. Watu wazima wawili watalalamika, na mwenye watoto watatu asijisumbue.

Namba mbili ni Acura TL yenye SH-AWD, mfumo wa Acura wa kuvuta matairi manne, 2009 hadi 2014, lita 3.7, farasi 305. Mfumo huu unaweza kupeleka hadi asilimia 70 ya nguvu nyuma, kisha nguvu hiyo yote ya nyuma ikaelekezwa kwenye tairi moja la upande wa nje wa kona. Kwenye barabara yenye theluji iliyoshindiliwa unaisikia: gari linaingia kona kana kwamba limesukumwa kiunoni. Lakini injini yake inatumia mkanda wa taiming, na ukikatika, pistoni zinagonga valvu na injini imekwisha. Hubadilishwa kwenye maili 100,000 hivi au miaka saba, pamoja na pampu ya maji. Dai risiti. Kama hakuna risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa na ukate bei kwa kiasi hicho. Mrithi wake, TLX ya 2015 hadi 2020, nayo ni nzuri, ila zile za mwanzo zenye gia 9 zililalamikiwa kwa kushtuka wakati wa kubadili gia. Iendeshe mpaka ipate moto kabisa ndipo uamue.

Namba tatu, Subaru WRX, itawaudhi Wakenya, najua wanaitaka iwe ya kwanza. Mtu aliyekua akimsikia dereva Colin McRae akishinda Safari Rally ya 1997 na Subaru Impreza, kisha Richard Burns mwaka 2000, hahitaji kuuziwa Subaru. Na kweli, WRX ya 2015 hadi 2021, lita 2.0 ya turbo, farasi 268, kwenye theluji ni furaha tupu, na mgawanyo wake wa nguvu hausubiri tairi liteleze ndipo uamke. Nimeishusha kwa sababu ya wamiliki waliotangulia. Nyingi zimechezewa: kompyuta imeandikwa upya, eksozi imebadilishwa, turbo imelazimishwa, halafu siku ya kuuza vifaa vya kiwandani vinarudishwa. Angalia boliti za eksozi na bomba la hewa. Zikiwa zinang'aa kwenye injini iliyochakaa, kuna kitu kimefunguliwa. STI, ile WRX yenye nguvu zaidi, ndiyo ya kuogopa zaidi. Injini yake ya lita 2.5 inajulikana kwa kupasuka kingo za pistoni, hasa ikishaongezwa nguvu. Usisahau pia kwamba WRX za miaka hii zilitoka kiwandani na matairi ya kiangazi, ambayo kwenye baridi kali ni plastiki. Mwenye familia na asiye na haraka atafute Legacy 3.6R, iliyotengenezwa mpaka 2019: silinda 6, farasi 256, kimya, na mara nyingi ilikuwa mikononi mwa watu wazima waliotunza.

Mwenye pesa kidogo aende Infiniti G37x ya 2009 hadi 2013. Nguvu nyingi, farasi 328, kwa bei ambayo wenzake hawaifikii. Inakunywa mafuta, na gasketi za njia za oili mbele ya injini huweza kupasuka, presha ya oili ikashuka. Kuzibadilisha ni kazi ya kufungua mbele yote, kwa hiyo muulize fundi bei kabla hujasaini.

BMW na Audi nimeziweka mwisho kwa sababu moja: bei ya kununua inashuka kila mwaka, bei ya kutengeneza haishuki. Ukishikilia BMW, iwe 340i xDrive (yaani ya kuvuta matairi manne) kuanzia 2016, ambayo injini yake ya silinda 6 imejijengea heshima. Iache 328i ya 2012 hadi 2014 isiyo na ushahidi wa kurekebishwa cheni, kwa maana vipande vinavyoiongoza cheni ni vya plastiki na huvunjika. Kwa Audi, S4 ya 2010 hadi 2016 ni gari la theluji la kweli kabisa, farasi 333, mradi una fundi na akiba ya pampu ya maji na thamostati. A4 za 2009 hadi 2011 za lita 2.0 zilipata sifa ya kula oili. Hizo zipite.

Sasa ukague. Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, na ukifika gusa boneti. Likiwa na moto, kuna mlio wa asubuhi ambao hakutaka uusikie. Pima kina cha meno ya matairi yote manne, maana mfumo wa kuvuta matairi yote hauvumilii tairi moja jipya na matatu vipara. Subaru wanataka tofauti ya mzunguko isizidi robo inchi. Kisha nenda kwenye uwanja wa maegesho, kata usukani mpaka mwisho na uzunguke polepole. Gari likiwa linajikaza au kurukaruka, difu au klachi ya kugawa nguvu ina shida, au matairi hayalingani.

Chini ya gari ndiko pesa inakopotelea. Chumvi inayomwagwa barabarani inakula mabomba ya breki, fremu ndogo inayobeba injini na sehemu za kuwekea jeki. Gonga kingo za chini kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Gari lililoishi Texas au Arizona halina kutu hiyo, ila la Houston au Florida huenda lilizama kwenye mafuriko ya kimbunga. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa. Mstari wa tope kwenye kitambaa cha ndani haufutiki kwa urahisi. Na hati ya umiliki ikiwa na neno "salvage" (liliharibika vibaya) au "rebuilt" (likajengwa upya), kampuni ya bima itakuuliza mengi na mnunuzi wako wa baadaye pia. Mlipe fundi asiye rafiki wa muuzaji alipandishe gari juu kwenye lifti. Ni dola chache mbele ya injini.

Nunua kati ya Mei na Julai. Oktoba kila mtu anatafuta gari hili hili na bei inapanda. Kiangazi pia ndipo muuzaji ana seti ya pili ya matairi ya baridi imelala garaji, kwenye rimu zake, haitamfaa tena akishaliuza gari. Muulize. Mara nyingi anaitoa bure, au kwa nusu ya ile elfu moja uliyotenga.