Jitu la Tendaguru nililolikuta Berlin

Mimi ni fundi wa kuchomelea, mzaliwa wa Lindi. Nilipoingia ukumbi wa dinosaria wa Museum für Naturkunde, Berlin, macho yalianzia kwenye vyuma kabla ya mifupa.

Mnyama mwenyewe ni Giraffatitan, mla majani mwenye shingo ndefu aliyechimbwa kwetu, kilima cha Tendaguru. Kimo chake ni mita 13.27, na hakuna kiunzi cha dinosaria chenye mifupa halisi kilichosimamishwa kikawa kirefu kwenda juu kumzidi. Mara ya kwanza alisimamishwa 1937, mkia ukiburuta chini na viwiko vimetanuka. Mwaka 2007 wakamsimamisha upya: mkia hewani, miguu imenyooka kama nguzo. Fremu inafuata mfupa kwa adabu, haikuzibi macho. Kazi safi kweli.

Mtazame kutoka ubavuni. Miguu ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, ndiyo maana mgongo unateremka kama wa twiga. Pingili za shingo zilikuwa na matundu ya hewa, kama mifupa ya ndege. Fundi yeyote anajua bomba ni jepesi kuliko nondo ya unene uleule.

Niseme wazi, pingili za shingo na mgongo unazoziona kule juu ni za kuigiza, na fuvu ni nakala, kwa sababu zile za asili ni nzito na zinavunjika upesi. Sikuona nimepunjwa. Mifupa ya miaka milioni 150 haifai kuning'inizwa juu ya vichwa vya watoto.

Nilichokaa nacho muda mrefu ni mfupa wa juu wa mguu wa mbele: mita 2.13. Unanizidi kimo! Kati ya 1909 na 1913, vita vya Maji Maji vikiwa vimeisha juzi tu, zaidi ya tani 200 za visukuku zilitoka kilimani pale. Mamia ya watu wetu walichimba, Boheti bin Amrani akiwa msimamizi wao mkuu. Mifupa ilifungwa kwa mianzi, wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani, siku kadhaa za kutembea hadi bandari ya Lindi.

Nyota tano. Ndugu yangu ukifika, usiishie kuipiga picha shingo. Simama kando ya mfupa ule, ujipime nao, kisha ukadirie mngehitaji kuwa wangapi kuufikisha pwani.