TAHADHARI: soketi za kuchomoza za ailendi ya jikoni (kaunta ya katikati ya jiko), usitoboe topu, yani jiwe la juu ya kaunta, kabla hujasoma hii

Wadau, hasa nyie mnaomalizia majiko saa hizi, kuna muuzaji wa mtandaoni anauza zile soketi za kuchomoza, unabonyeza kifuniko katikati ya kaunta mnara unapanda na matundu yake. Jina simtaji kwa sababu halisaidii, akishtukiwa anafuta akaunti na kurudi na jina jingine ila picha ni zilezile. Mimi ni fundi umeme, wateja wananiita kufunga vitu walivyonunua wenyewe, na hizi za huyu jamaa nimezifungua kwa mikono yangu, nilichokikuta ndani kimenitisha na ndio maana naandika.

Kwanza jueni anavyowanasa watu. Ukiuliza bei tu anakurushia video, maji yanamwagwa juu ya soketi na hakuna kinachotokea. Iangalie tena ile video taratibu. Kifuniko kiko chini, kimefungwa, na waya wa soketi haujachomekwa popote. Sasa hapo kilichopimwa ni nini? Ukishalipa anakwambia mzigo uko njiani, mwambie fundi wa granaiti atoboe kabisa ili ukifika iwe ni kupachika tu, na anakupa kipimo cha tundu. Hapo ndo ameshakumaliza jamani, maana granaiti ikishatobolewa imetobolewa, na tundu ni la kipimo chake yeye, soketi ya kampuni nyingine aidha haiingii au inapwaya. Mzigo unafika, unaona kabisa ni takataka, unaanza kubembeleza, anajibu bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi, ukikaza anakubloku. Watu wengi wanaishia kuifunga hivyohivyo ili tundu lisibaki wazi kwenye topu mpya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Haya, tuje ndani. Boksi limeandikwa IP44 kwa maandishi makubwa, lakini ukigeuza soketi yenyewe chini kabisa kwenye kistika kidogo unasoma IP20. Hizi namba zina maana yake. Tarakimu ya kwanza ni vitu vigumu na vumbi, ya pili ni maji. Ile 4 ya mwisho maana yake inahimili maji yanayorushwa kutoka upande wowote, na 0 maana yake haina kinga ya maji kabisa. Yani kitu kinachokaa kwenye kaunta ambapo unaosha mboga, supu inafurika na mtu anapitisha kitambaa kilicholowa kila siku, hakina kinga yoyote ya maji. Ule mpira wa pembeni ya kifuniko nao umekatwa na kuunganishwa kwa gundi, ukiuvuta kwa kucha unatoka wote. Na hata zile nzuri zenye IP44 ya kweli, mara nyingi hiyo kinga ni wakati mnara uko chini tu, ukishapanda haipo tena, kwa hiyo muuzaji yeyote anayekwambia haiingizi maji muulize, ikiwa wazi au ikiwa imefungwa?

Waya sasa. Kistika kinasema ampea 13, ila waya unaotoka chini yake ganda limeandikwa 3x0.75, yani kila uzi ni milimita za mraba 0.75. Uzi wa hivyo ni wa kama ampea 6. Birika la umeme la wati 3000 kwenye volti 230 linavuta ampea 13, zaidi ya mara mbili ya uwezo wa huo waya, halafu hapohapo mtu achomeke na blenda. Waya unachemka ndani ya kabati la ailendi, mahali hakuna anayechungulia, katikati ya mifuko na mbao. Kwa soketi ya matumizi ya jikoni mimi sikubali chini ya 1.5.

Lakini kilichonikasirisha kuliko vyote ni ethi, ule waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Waya wa kijani na njano unaingia ndani ya mnara halafu unaishia hapo, umekatwa na kugandishwa na gundi nyeupe, haujafika kwenye tundu la ethi wala kwenye bodi (ganda la nje) ya mnara, na bodi yenyewe ni aluminiamu! Hii sio bahati mbaya ya kiwandani, mtu amekaa akapaka gundi ili ukivuta waya uhisi umeshika. Ikitokea laivu, yani waya wenye umeme, ikagusa bodi, mnara mzima una umeme na brekta ya mains haina habari, kwa sababu umeme hauna njia ya kurudi mpaka mtu aje aushike. Hata ukiwa na RCD ya miliampea 30, kile kifaa kinachokata umeme kikihisi unavuja, bila ethi itasubiri umeme upite kwenye mwili wa mtu ndo ikate. Itakata, sawa, ila kapigwa kwanza, na jikoni mikono imelowa.

Na yale matundu yake "yanapokea plagi ya nchi yoyote". Watu wanaona ni faida, mimi naona ni balaa, maana tundu la kupokea kila kitu halishiki kitu chochote vizuri. Plagi inalegea, inapiga cheche, inaungua. Aina nyingine za plagi zinaingia bila ethi yake kugusa popote. Pia hayana vile vibao vya ndani vya kuziba laivu na nyutro, mtoto anaweza kuingiza kijiko au pini moja kwa moja. Soketi ya kiwango cha BS 1363, kile cha Uingereza cha plagi za pini tatu, lazima iwe na hivyo vibao.

Kitu kingine rahisi, chukua sumaku ndogo uisogeze kwenye vile vyuma vinavyobana plagi ndani ya matundu. Shaba na brasi havivutwi na sumaku. Za huyu jamaa zinanata pap, ni bati limepakwa rangi ya dhahabu. Springi zenyewe kunata ni kawaida, usichanganye, angalia vyuma vya kubana.

Kuhusu karata yake nyingine ya "ina CE", yani alama ya kudai bidhaa inakidhi kanuni za Ulaya, msitishike nayo. Alama ya CE kwa vitu vingi ni mtengenezaji mwenyewe anajitangazia, na kuichapisha kwenye kistika hakuhitaji chochote zaidi ya printa. Omba cheti cha maabara kisha linganisha namba ya modeli, kwa huyu cheti anachotuma ni cha modeli nyingine kabisa, ukimuuliza anasema ni familia moja.

Najua kwa nini watu wanazitaka hizi, hata mimi nazipenda zikiwa nzuri. Soketi ya ubavuni mwa ailendi, chini ya topu, waya wa birika unaning'inia na mtoto anavuta, maji ya moto yanamshukia. Marekani kanuni yao ya umeme ya NEC toleo la 2023 iliondoa ruhusa ya kuweka soketi mpya chini ya topu ya ailendi, na hatari hiyo ya waya kuning'inia ndiyo ilikuwa hoja yenyewe. Kwa hiyo wazo la kuchomoza juu sio baya, baya ni mzigo feki.

Kama bado hujanunua, agizo langu ni moja: soketi ifike kwanza mkononi, fundi umeme aifungue na apime ethi kwa multimita (kile kipima umeme cha mkononi) kutoka kwenye waya mpaka tundu na bodi, ndipo topu itobolewe. Tundu liwe mbali na sinki, angalau sentimita 30, na mbali na jiko la moto. Anayekuharakisha kutoboa kabla hujashika mzigo, achana naye hata kama bei inakuvutia.

Kama umeshaifunga, zima brekta ya hiyo laini leo, usiitumie hata kwa chaja ya simu kwa sababu zile za USB ndani nazo sijaziamini. Tundu la granaiti lisikufanye uishi nayo, kuna vifuniko vya chuma vya kuziba matundu ya kupitishia nyaya kwenye meza, chukua kinachoendana na kipimo chako ukizibe kwa silikoni mpaka upate soketi ya maana. Na picha za ndani ya hiyo yako piga kabla hujaitoa, uziweke pamoja na mazungumzo yenu na risiti ya malipo, utazihitaji ukienda kushtaki.